Tairi Nililomfungia Mwalimu Nkirote

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka moyo bado hunidunda, ingawa nywele zangu zimeshaanza kuingia mvi. Ilikuwa miaka ile kaunti zilipokuwa changa, na kila mtu hapa Isiolo alijiona kama ameanza maisha upya. Barabara zilikuwa zikichimbwa, majengo yakipanda, na sisi vijana wa kazi za mikono tuliamini kwamba mwenye kusitasita ataachwa nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimefungua kibanda changu cha mabati pale Kiwanjani, miezi sita tu tangu nitoke mikononi mwa aliyenifundisha ufundi. Niruhusu nikusimulie taratibu, maana habari yenyewe inanitia aibu hadi leo.

Aliyenifundisha aliitwa Mzee Halake. Alikuwa Mborana aliyemaliza ujana wake kwenye malori ya ng'ombe, akibadilisha matairi njiani kati ya Moyale na Nairobi. Alipozeeka alikaa karibu na soko la mifugo, akiziba panchari na kurekebisha pikipiki. Maneno yake yalikuwa machache. Kila nilipomaliza kazi aliniuliza, "Umeangalia?" Nami nikisema ndiyo, yeye huinama na kuangalia tena. Jambo hilo lilinikera sana. Nikikwambia ukweli, nilimwacha kwa sababu nilitaka kufanya kazi bila jicho la mtu mgongoni. Kijana huliona jicho la mkubwa kuwa mzigo, mpaka siku atakapobeba mzigo wenyewe peke yake.

Sasa nikuambie habari za Mwalimu Nkirote. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha bila kuipandisha. Alifundisha kwanza kijijini Korbesa, baadaye hapa mjini, na nusu ya makarani wa ofisi mpya za kaunti walikuwa wamesoma mbele ya ubao wake. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpima ardhi, alimwachia pikipiki kubwa ya safari, ya rangi ya buluu, aina ile ambayo wageni huitumia kuvuka nchi baada ya nchi. Ilikuwa na masanduku mawili ubavuni, na kiti cha nyuma chenye egemeo na mahali pa kupumzisha mikono, kama kiti cha sebuleni. Mume alipofariki, watoto walitaka iuzwe. Mama akakataa. Akajifunza kuiendesha katika umri ambao wenzake walikuwa wakijifunza kupumzika. Watu wakamcheka mwaka mzima, halafu wakachoka kucheka, naye akaendelea kupita mjini na pikipiki yake.

Jumanne moja asubuhi alifika kibandani kwangu. Alizima injini, akavua helmeti, akanionyesha tairi la nyuma. Lilikuwa limeisha hadi nyuzi zinaonekana.

"Habari ya asubuhi, Ekai."

"Nzuri, Mwalimu. Karibu."

"Nimepiga simu Nairobi. Saizi hii wanasema nisubiri wiki tatu. Na kesho lazima nifike Nanyuki. Karimi anatoka hospitali."

Karimi alikuwa dada yake mkubwa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari alikuwa amemwonya asisukumwe wala asiinamishwe kichwa. Matatu aliiogopa. Alitaka kurudishwa nyumbani kwenye kile kiti cha shemeji yake, akiwa ameegemea, mdogo wake akiwa mbele.

Nikachuchumaa, nikasoma namba za tairi. Rimu ilikuwa ya inchi kumi na sita, na rimu ya inchi kumi na sita ni ya gari dogo pia. Nilikuwa nimewahi kuona kwenye simu picha za wasafiri wa ng'ambo waliofunga matairi ya gari nyuma ya pikipiki kama hiyo. Nikasimama na fahari ya mtu aliyegundua kitu.

"Mwalimu, tunaweza kuweka tairi ya gari."

Akanitazama. "Ya gari? Kwa pikipiki?"

"Inaingia. Watu wa safari ndefu wanafanya hivyo. Tena inakaa kuliko ile ya kawaida."

"Wewe umewahi kufunga?"

Mwanangu, kati ya swali lile na jibu langu palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Ningeweza kusema, "La, Mwalimu, nimeona picha tu." Kuuliza si ujinga, na kukiri usichokijua si ujinga pia. Lakini palikuwa na vijana wawili wa bodaboda wamesimama pale wakisikiliza, na mimi nilikuwa fundi mwenye kibanda chake.

"Mara nyingi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeamini, akaniachia funguo na kwenda zake kwa miguu.

Mchana ule nilipata tairi la gari la saizi hiyo kwa muuzaji mmoja mjini, nikaazima kwa Mzee Halake vile vyuma vyake virefu vya kutolea tairi. Sikumwambia ni vya kazi gani. Kuliingiza tairi kwenye rimu kulinitoa jasho, lakini liliingia. Shida ilikuja kwenye upepo. Ukingo wa tairi la gari haukutengenezwa kwa rimu ya pikipiki. Unabana, unagoma, unataka kusukumwa kwa nguvu hadi ukae mahali pake. Nikapaka sabuni. Nikajaza pauni thelathini, arobaini, hamsini. Upande mmoja ukaruka mahali pake kwa mlio uliowafanya kuku wa jirani wakimbie. Upande wa pili ukakaa pia, ila si wote.

Kuna mstari mwembamba ulioinuka, unaozunguka tairi karibu na rimu. Tairi likikaa vizuri, mstari huo huwa sawa kote, kama pindo la shuka lililoshonwa na mkono mzuri. Ukizama mahali fulani, ujue ukingo haujakaa. Mstari wangu ulizama, mwanangu. Palikuwa na sehemu yenye upana wa kiganja ambapo ulipotelea kabisa ndani ya rimu. Nikaongeza upepo hadi pauni sitini, nikageuza uso pembeni, maana tairi likipasuka karibu na uso wa mtu huwa hasimulii. Nikaogopa kuongeza. Nikaogopa vilevile kulitoa na kuanza upya, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na nilikuwa nimeahidi. Nikapunguza upepo ufike kiasi cha kawaida, nikajiambia kwamba barabara italikalisha lenyewe. Nikachukua kitambaa, nikapangusa tairi likang'aa. Nadhani nililing'arisha ili nisilione.

Kesho yake saa mbili Mwalimu alikuja, amevaa koti zito la baridi ya Nanyuki. Ndani ya sanduku moja alikuwa na helmeti ya pili na leso safi za dada yake.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Mwalimu. Enda tu."

Akapanda. Nilimwona akiitoa pikipiki barabarani, nikaona jinsi alivyoipinda kuingia kushoto ikawa kama inakataa, akaisukuma tena, ikakubali. Akapotea.

Hapo ndipo siku yangu ilipoharibika. Nilishika spana nikaisahau mkononi. Mteja alileta pikipiki yenye mnyororo uliolegea, nikaulegeza zaidi badala ya kuukaza. Akilini mwangu nilikuwa nikiona ile sehemu ya upana wa kiganja ikizunguka, ikizunguka, ikigonga lami mara elfu kati ya hapa na njia panda ya Subuiga. Halafu nikakumbuka kwamba kwenda ni peke yake, lakini kurudi atakuwa na mgonjwa, na kurudi ni mteremko wenye kona. Nilimpigia simu. Ikaita hadi ikakatika. Nikajua iko ndani ya sanduku naye yuko mbio barabarani. Nikapiga tena. Nikapiga mara nyingine, nikitembea kibandani mbele na nyuma, hadi jirani yangu muuza miraa akaniuliza kama nimefiwa.

Saa nne sikuweza kukaa tena. Nikachukua vile vyuma vya kuazima na kuvirudisha, kumbe nilikuwa nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba hakuna neno. Mzee Halake alikuwa ameketi juu ya tairi la lori, akisugua mpira wa panchari.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Ulikuwa unatoa tairi ya nini?"

Nikamwambia. Nilieleza kwa sauti ya kujisifu kidogo, nikitumaini atasema kazi ni nzuri. Aliendelea kusugua.

"Inaingia," akasema. "Mimi nimeona mbili tatu. Ile mstari ilikaa?"

Nikaanza kupanga vile vyuma ukutani.

"Ekai. Mstari ilikaa sawa?"

"Karibu yote, Mzee."

Akaweka chini kile alichokuwa akisugua. "Uliendesha mwenyewe kabla ya kumpatia?"

"Sikuendesha."

"Ulimwambia hiyo tairi chini iko bapa? Ya pikipiki ni mviringo, inalala na kona. Ya gari hailali. Inataka kusimama. Mtu lazima aisukume. Ulimwambia?"

Nilikuwa silijui jambo hilo, mwanangu. Nilijibu hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, "Sikujua."

Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia kelele. Alisema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii: "Kutojua si dhambi. Mimi pia kuna mingi sijui. Lakini huyo mama amekaa juu ya kitu wewe hujui, na yeye anafikiri wewe unajua. Hiyo ndiyo dhambi. Sasa unafanya nini hapa kwangu? Mfuate."

Alisimama kwa shida ya magoti, akaenda kando ya barabara akasimamisha pikapu tupu. Dereva wake, Mutwiri, alikuwa akirudi Nanyuki kuchukua kabichi. Mzee akamwambia maneno mawili, nami nikapanda mbele.

Ile safari ya kupanda ilikuwa ndefu kuliko umri wangu. Mutwiri alikuwa mtu wa mazungumzo. Aliniuliza habari za mvua, habari za bei ya mbuzi, nami nilijibu bila kusikia. Macho yangu yalikuwa kwenye kila kona. Nilitafuta alama nyeusi juu ya lami. Nilitafuta kitu cha buluu kwenye nyasi. Tulipokuwa tumepanda nusu ya mlima tukaona mbele yetu watu wamekusanyika kwenye kona, gari limesimama upande, mwanamke ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikatafuta rangi ya buluu kati ya miguu yao.

"Kuna ajali," Mutwiri akasema, akapunguza mwendo.

Sikuweza kufungua dirisha. Yeye ndiye aliyefungua na kuuliza. Gari lilikuwa limegonga kondoo, kondoo watatu, na yule mwanamke ndiye mwenye kondoo. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kushukuru mbele ya mtu aliyekuwa akililia mali yake. Hofu humfanya mtu awe mchoyo. Huona haja yake tu.

Pale njia panda ya Subuiga, Mutwiri alisimama kwa wauza viazi. Nikamuuliza mama mmoja kama ameona pikipiki kubwa ya buluu.

"Ile ya mwanamke? Imepita kitambo," akasema. "Alikuwa anaenda pole pole kama mtu amebeba mayai."

Maneno yale yalinituliza kwa dakika tano, halafu yakaanza kunichoma. Mwalimu Nkirote hakuwa mtu wa kwenda kama amebeba mayai. Kwa nini aende hivyo? Tulipita Timau, tukapita mashamba ya ngano, upepo ukawa baridi, na mimi nilikuwa nikitokwa na jasho.

Tulifika hospitali ya Nanyuki karibu saa saba. Mutwiri alipoingiza pikapu langoni, niliiona pikipiki kivulini kando ya ukuta. Bibi Karimi alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha nyuma. Jicho moja lilikuwa limefunikwa bandeji nyeupe, na Mwalimu alikuwa akimfunga helmeti taratibu, kidole kikizuia mkanda usiguse bandeji. Walikuwa tayari kuondoka. Palikuwa na watu wengi, wauguzi, wagonjwa kwenye mabenchi, mlinzi wa lango. Nilishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Mwalimu, usiondoke."

Akageuka. "Ekai? Kuna nini nyumbani?"

Mwanangu, uongo niliusema mbele ya watu wawili. Kuutengua nililazimika mbele ya watu thelathini. Nilimwambia kwamba sijawahi kufunga tairi la gari kwenye pikipiki. Nilimwambia kuhusu mstari, na kwamba niliuona nikanyamaza. Nilimwambia nilichoambiwa na Mzee Halake kuhusu kona, kwamba sikukijua mimi mwenyewe hadi asubuhi hiyo. Nilizungumza nikitazama buti zake.

Alifungua mkanda aliokuwa akiufunga, akasema, "Karimi, shuka kidogo. Shika bega langu." Akamshusha dada yake, akamkalisha kwenye benchi, akamwekea leso mabegani. Ndipo akaja kuinama kando ya tairi. Nikamwonyesha. Ile sehemu iliyozama ilikuwa imeongezeka; sasa ilikuwa kama viganja viwili. Nikabonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea. Lilikuwa limepoteza karibu nusu ya upepo.

"Tungefika wapi na hii?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Hilo jibu ndilo nilikuwa nataka jana."

Karibu na hospitali palikuwa na fundi wa matairi, mtu mzima mwenye kompresa kubwa. Alilitoa tairi upepo wote, akausukuma ukingo ndani, akasugua rimu, akapaka sabuni nzito, akaweka mpira mrefu wa upepo ili yeye asimame mbali. Akatuambia sote turudi nyuma ya ukuta. Likajaa, likajaa, likalia mara moja kwa kishindo. Akalizungusha, na mstari ulikuwa sawa kote. Kazi ile ilimchukua muda mfupi kuliko muda nilioutumia kupangusa. Nilisimama pale nikiwa fundi anayetazama fundi.

Mwalimu akanigeukia. "Mimi na Karimi tutarudi na pikapu. Wewe utaiendesha hii hadi Isiolo. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Mutwiri alisubiri kabichi zipakiwe, kisha tukaondoka. Kwenye tambarare za Timau pikipiki ilikwenda vizuri, imetulia, nikaanza kufikiri kwamba Mzee Halake ametia chumvi. Kisha tukapinda Subuiga tukaanza kushuka. Kona ya kwanza niliilaza pikipiki kama nilivyozoea, nayo ikakataa kulala. Ilikuwa kama kumshika fahali pembe. Nilisukuma usukani, ikakubali kwa shingo upande, na nilipolegeza kidogo ikasimama wima tena. Kona ya pili nikaenda polepole zaidi. Kona ya tatu ilikuwa ndefu, yenye mteremko, na lami yake ilikuwa imeinamia upande wa nje. Tairi lile bapa likaufuata ule mwinamo. Nikajikuta navuka mstari wa katikati, na mbele yangu lori la ng'ombe likipanda. Nilisikia honi. Niliona pembe za ng'ombe juu ya mbao. Nikasukuma kwa mikono yote na mwili wote, nikapita ubavuni mwa lori kwa nafasi ambayo hata leo sipendi kuipima.

Nilisimama mbele kidogo, kando ya barabara. Nikashuka, nikakaa chini kwenye kokoto. Pikapu ikasimama nyuma yangu. Mwalimu akaja. Nilidhani atanikemea, nami nilikuwa tayari. Lakini alisimama akiitazama ile kona tuliyotoka, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kumbe si mimi."

Sikuelewa. Nikamwinulia macho.

"Asubuhi wakati nikipanda," akasema, "kila kona ilikuwa inanikatalia hivyo. Nilifikiri mikono yangu imeisha. Nilifikiri ni uzee umefika, na nimekuwa nikijidanganya. Nilisimama Timau, simu zako nikaziacha, nikampigia mtoto wangu. Nikamwambia atafute mnunuzi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ulisema iko sawa, Ekai. Kama pikipiki iko sawa, basi mbovu ni nani?"

Mwanangu, katika yote ya siku ile, ni hayo yaliyonivunja. Nilikuwa nimeogopa mifupa yake. Nilikuwa nimeogopa jicho la dada yake. Haikunipitia akilini kwamba mwanamke yule alipanda mlima mzima akijiaga mwenyewe, kona baada ya kona, kwa sababu ya neno langu moja. Nikaomba msamaha. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alisema, "Nipe helmeti."

"Mwalimu, ngoja tuipakie kwa pikapu."

"Sasa naijua. Kitu ukikijua unaweza kwenda nacho."

Akapanda, akashuka ule mlima taratibu, akianza kuisukuma kabla kona haijafika, na sisi tukimfuata. Bibi Karimi alikuwa kati yangu na dereva, kichwa kimeegemea nyuma, jicho lake zima likimtazama mdogo wake kupitia kioo. Hivyo ndivyo tulivyoshuka hadi tulipoanza kuhisi joto la Isiolo.

Nimalizie yaliyofuata. Jicho la Bibi Karimi lilipona. Mwalimu alimpigia mwanawe simu akamwambia aache kutafuta mnunuzi. Tairi lile la gari alilitumia zaidi ya mwaka, kwa sababu halikuwa baya. Lilitaka tu mtu anayelielewa. Lakini pikipiki yake hakuileta kwangu tena. Aliipeleka kwa Mzee Halake. Tukikutana mjini alinisalimia vizuri, akaniuliza hali, akapita. Nililipwa hivyo, na haki yangu ilikuwa hivyo. Mimi nilirudi kwa Mzee nikamwomba nikae naye tena mwaka mmoja. Alisogea kwenye lile tairi la lori, akanipa nafasi ya kukaa.

Sasa nisikilize wewe unayeanza kazi, iwe ya kushika spana, sindano, chaki au kalamu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nikidhani ni methali ya wagonjwa na waganga, kumbe ni ya kila mtu mwenye ujuzi anaotegemewa. Siku utakapoulizwa kama umewahi, na hujawahi, sema hujawahi. Utapoteza mteja, labda, na waliosimama pembeni watakucheka kidogo. Kicheko hupita. Na kama umeshafanya kazi ukaona kasoro, usiipanguse ing'ae. Mwite mwenye mali, umwonyeshe kwa kidole, umwache achague mwenyewe kwa macho yaliyo wazi. Maana kosa unaloficha halikai bila mwenyewe. Mwenzako ataliokota, alivae, adhani ni lake. Atajiona mjinga, au mzee, au asiyefaa, na kumbe ubovu ulikuwa mikononi mwako. Na ukichelewa kusema, bado sema. Panda gari la kabichi kama ni lazima. Ukweli uliochelewa una aibu nyingi, lakini mimi niliufikisha hospitali kabla helmeti haijafungwa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nionapo mlima ule.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyo na haraka na ulimi usioogopa kusema "sijui." Akuwekee karibu mkubwa wa kukuuliza maswali magumu, na akupe moyo wa kumvumilia. Na wote watakaopanda juu ya kazi ya mikono yako wafike walikokuwa wakienda, wazima.